Kiingereza Hakina Salamu

Kijiwe cha Lukia, jirani na stendi ya Same, kina benchi moja, birika moja la kahawa, na wataalamu wa kila fani ambayo hawakuisomea. Asubuhi hiyo mtaalamu mmoja hakuwa na raha. Ndiye Tumainieli, ambaye kijiwe kinamwita Tangawizi kwa sababu ya zao analoteremsha kutoka Suji. Bintiye Ernesta, muuguzi, alikuwa anapanda basi la Arusha kurudia ule mtihani wa Kiingereza, na hospitali ya Ireland iliyompa kazi ilishasema haitamsubiri tena.

— Mara ya kwanza alikwama wapi? akauliza Jabiri, fundi pikipiki, maarufu kama Injinia.

— Kwenye kuongea, Tangawizi akajibu. Kusikiliza, kusoma, kuandika, kote alipita.

— Basi ni hewa hiyo. Ninyi wa milimani hewa yenu nyepesi, na Kiingereza ni lugha nzito, kinataka pumzi ya tambarare. Angelala kule chini Bendera wiki moja tu, angekirarua.

— Wacha kutudanganya, akadakia Loth, aitwaye Redio kwa kuwa hazimiki. Mtihani ule haupimi lugha. Unapima kama utatoroka zamu urudi kwenu. Wanakuambia, tueleze unakotoka. Ukisifia tu, umekwisha. Inabidi uiponde Same. Useme vumbi, jua linaunguza, mbuzi wamekonda.

— Mbuzi wa nani wamekonda? Tangawizi akauliza.

— Wa mtihani, mzee. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa. Na yeye si anatafuta kazi?

Lukia akamjazia Tangawizi kikombe.

— Hebu tuambie, kaka. Mle chumbani ilikuwaje hasa?

Tangawizi akakohoa. Habari hii alikuwa ameificha kijiwe kizima.

— Aliyemtahini alikuwa mama mtu mzima, mwenye mvi. Ernesta akamsalimu.

— Vizuri, akasema Redio.

— Akamuuliza ameamkaje. Watoto wameamkaje, mzee wa nyumbani hajambo, mvua zimenyesha, ng'ombe wanakamulika. Yule mama akileta swali, binti anajibu neno moja, anarudi kwenye salamu. Mwisho yule mama akasema muda umekwisha.

— Ng'ombe? Injinia akauliza. Arusha mjini, ofisini?

— Sasa angejuaje kama hana? Nimemlea hivyo. Kwetu Suji, anayeanza na shida yake kabla hajauliza hali ya nyumba ya mwenzake, watu wanauliza kama ana wazazi.

— Basi wewe ndiye uliyemfelisha, akasema Injinia.

Neno lile lilimchoma, maana alilijua tangu siku ya majibu. Asilomwambia mtu ni kwamba jioni ile alikula ugali wote na kulala usingizi mnono.

— Uliyemfunga ni wewe, mfungue wewe, Lukia akasema. Anapita hapa kukuaga. Mwambie aruke salamu.

— Haraka haraka haina baraka, akajibu Tangawizi.

— Mzee, ule mtihani unapimwa kwa saa, akasema Redio.

Ndipo Ernesta akatokea na begi lake. Siku zote akifika kijiweni huanza na Lukia na wanawe, akaja kwa Redio na mgongo wake unaomuuma, akamalizia na pikipiki za Injinia, na kahawa hupoa watu wakiitikia. Leo alisimama mbele ya benchi.

— Shikamooni. Baba, wewe unataka nifaulu?

Redio akazima. Lukia akainamisha birika juu ya kikombe cha Tangawizi, likatoa tone moja. Kondakta alikuwa anaita abiria wa Arusha.

Tangawizi alimtazama bintiye, akingoja yaliyobaki. Umeamkaje, mama ameamkaje, tangawizi imefikaje. Hayakuja. Akaona kwamba huyu ameshapita.

— Marahaba, akasema.