Mtihani wa Neema Ulivyonifungua Mdomo

Bwana asifiwe, ndugu zangu mnaosoma, na ninyi mnaosomewa! Mimi shule niliishia darasa la tatu kule Bukavu, kwa hiyo nikipotea njia mnivumilie.

Mjukuu wangu Neema, anayeniita koko, yaani babu, ninayekaa naye Evere, hapa Brussels, anataka kuwa daktari. Hapa Ubelgiji huingii tu kwenye masomo ya udaktari, kuna mtihani kwanza. Mwaka jana alishindwa. Bon, mimi nilikuwa nimeshatangaza! Kinyozi wangu pale kwenye maduka ya Galerie d'Ixelles alikuwa akiniita papa ya docteur, yaani baba wa daktari, na mama mmoja muuza sombe, yale majani ya muhogo, alinifuata hadi kituo cha basi na karatasi za presha yake. Sombe yake ni nzuri, lakini hayo niyaache.

Mwaka huu Neema aliapa kwamba akishindwa tena, basi. Hesabu na kemia si shida yake. Kilichomwangusha ni ile sehemu ya kuwasikiliza wagonjwa: wanakupa kisa, unachagua daktari afanye nini. Jumapili moja baada ya ibada alikuwa mezani na makaratasi yake, mimi namenya viazi. Akanisomea: mwanamke ana ugonjwa usiopona, mume wake anaomba asiambiwe. Daktari afanye nini?

"Anaita bwana yake pembeni, wanapanga," nikamjibu. "Mugonjwa haambiwi. Atakufa na woga mbele ya siku yake."

"Koko, njo hiyo nilijibu mwaka jana! Ni weye ulinifundisha!"

"Alors, unataka kuua watu na mudomo?"

Akacheka. Kisha akaniangalia vizuri. "Donc, koko, tuseme mugonjwa ni weye. Nikufiche?"

Ndugu zangu! Kisu kilisimama kwenye kiazi. Maana mke wangu, marehemu Mama Faida, alilazwa hospitali hapa hapa Brussels. Kifaransa hakukijua, mtafsiri nilikuwa mimi. Daktari alisema: mwambie hatapona. Nami nikamgeukia mke wangu nikamwambia: "Anasema dawa zitafanya kazi." Mama Faida akatabasamu. Daktari alipoona lile tabasamu akanishika bega, akidhani nimesema kwa busara.

Mama Faida alikuwa na dada yake kule Uvira ambaye hawakuwa wamesemezana naye muda mrefu. Kila siku alisema, "Nikitoka hapa nitamupigia." Hakutoka. Na ninyi wa kanisani kwetu mlinisifu msibani, mkasema nilimtunza kwa tumaini. Nikaitikia amina, na moyo wangu ukiniuma.

Nilimweleza Neema yote, machozi yakidondokea maganda ya viazi. Nilingoja anilaumu. Hakunilaumu. Aliweka kalamu chini, akavuta kiti karibu, akaniuliza: "Na weye, koko, siku ile nani alikusikiliza?"

Hakuna! Miaka yote hiyo, hakuna aliyeniuliza. Hata mimi sikumwambia Mungu, kana kwamba alihitaji mtafsiri.

Jioni ile ile nilimpigia shemeji yangu Uvira, nikakiri. Alinigombeza kwelikweli! Kisha akasema, "Tuombe." Tukaomba. Nilipokata simu, ule mzigo nilioubeba kifuani haukuwapo tena. Utukufu kwa Bwana!

Neema ameshafanya mtihani, matokeo bado. Wengine wananiambia, papa, si ungengoja atangazwe ndipo ushuhudie? Hapana. Mwaka jana nilitangaza ya mtoto kabla ya wakati. Leo nashuhudia yangu, na yangu yamekwisha kutimia. Ya Neema yako mikononi mwa Mungu, na akifaulu au asifaulu, mimi nimeona alivyovuta kile kiti.

Namshukuru Yesu aliyenivumilia. Na wewe ndugu yangu, kama nyumbani kwako yuko mgonjwa unayemficha habari zake kwa sababu unampenda, nakusihi, usimwache peke yake. Huenda ana mtu wa kumpigia simu. Mtegemee Bwana, keti kitandani pake, umwambie. Ukiogopa, nitafute baada ya ibada. Tutaenda wote wawili.