Nguzo ya Keko na Picha za Mzee Alfonsi

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mzee Alfonsi Mwaipaja, mpiga picha wa Keko, Temeke. Narudia: Alfonsi Mwaipaja. Miaka sitini na nne. Tumemzika Alhamisi.

Wengi mlimjua kwa picha za paspoti. Ila alichopenda yeye ni majengo ya viwanda vya zamani. Na alipigaga nyeusi na nyeupe tu, kwa filamu, anaisafisha mwenyewe bafuni kwake, mlango kauziba kwa blanketi. Siku moja nikamuuliza, "Shikamoo mzee, mbona hutaki rangi?"

"Marahaba. Rangi inaremba, bwana mdogo. Itoe, uone jengo lenyewe."

Sasa, pale Keko kuna kiwanda cha sabuni kilichokufa kitambo. Ndani wakawa wanafanya kazi mafundi seremala tisa. Katikati kuna nguzo. Nguzo ina ufa. Mzee alipigilia msumari sakafuni, na kila mwezi anasimamisha kamera palepale, anapiga nguzo ileile. Picha kumi na moja. Ukizipanga, unaona ufa unapanda.

Akawaonyesha mafundi. Wakacheka. Praygod, fundi vitanda, akamwambia, "Mzee, huo ufa nimeukuta na nitauacha." Mwenye jengo naye akapaka nguzo chokaa. Ikaonekana mpya!

Jumanne hii iliyopita, saa nne asubuhi, Mzee akainama kwenye kamera. Akaona mwanga. Mwanga wa upande wa pili, unapita ndani ya nguzo.

"Tokeni! Tokeni wote!"

"Leo tena?" Praygod akajibu. "Tuache bwana, kitanda cha bi harusi hiki, saa saba kinaondoka."

Hakusogea mtu. Na vumbi limeshaanza kudondoka. Ndipo Mzee akafanya kitu ambacho fundi wa Keko hasamehe. Akanyakua randa ya Praygod, akanyakua na misumeno miwili ya wenzake, akachomoka mbio.

"Mwizi! Mshike huyo!"

Wakatoka wote kumfukuza. Narudia: tisa, wazima, wanamporomoshea matusi mzee wa watu barabarani. Huku nyuma nguzo ikalia, kaaa!

Ila kamera ilibaki ndani. Mzee akageuka. Haya ni maneno ya Praygod mwenyewe: "Nilimdaka shati. Akasema, 'Niache, bila ile picha watasema jengo limeangushwa na mvua.' Shati likachanika. Nikabaki na kola mkononi."

Paa likashuka.

Bintiye, Tupokigwe, hataki tumwite shujaa. Leo asubuhi kaja hapa studio. "Angekaa tu nje ningekuwa na baba. Picha! Kanifia kwa picha!" Halafu akaweka bahasha mezani.

Pole sana, dada Tupokigwe. Pole mama Jovina, mke wa marehemu. Poleni ukoo wote, na nyie mafundi. Mungu ampumzishe mzee wetu.

Kwa kawaida hapa ningewaomba mtafakari. Leo tafakarini haraka. Kwenye bahasha kuna picha za jengo la pili. Chang'ombe, godauni la mabati ya bluu, nyuma ya kiwanja cha mpira. Narudia: Chang'ombe, mabati ya bluu. Picha nane za nguzo moja. Ya nane kaipiga Jumatatu, siku moja kabla hajafa, na filamu kaja kuisafisha bintiye. Mwanga unapita, mwembamba kama uzi.

Tumempigia mwenye godauni, anasema tunazusha. Serikali ya mtaa wako njiani, hawajafika. Na humo ndani kuna akina mama wanashona sare za shule, na najua redio mnaiwashaga kutwa.

Mama zangu, dada zangu, mie ndiye naongea na nyie. Toeni miguu kwenye vyerehani. Sare zitashonwa. Mwambie na jirani yako asiyesikia kwa kelele, mshike mkono.

Tokeni. Nasubiri hapahapa hewani, mtu mmoja anipigie aniambie mko nje.