Nani Anakalia Kiti cha Silvesta?

Shika sikio lako la kulia, useme hivi: nikilitoa hili nje, ulimi wangu uote upele. Umesema? Basi sogea. Maana hata anayekusimulia aliapishwa hivyohivyo, asubuhi, na mwenye gari mwenyewe, na kufika adhuhuri alikuwa ameshalifikisha kijijini Mnyambe kwa miguu yake. Na ulimi hauna hata kipele.

Kijiwe chenyewe ni gogo la mkorosho lililolazwa mbele ya nyumba ya Silvesta, pale Newala, mkabala na mashine ya kusaga. Ilikuwa miaka ileile wanunuzi binafsi walipoanza kuruhusiwa kuja kununua korosho, na kila aliyeuza gunia alinunua kitu cha kuwaumiza macho jirani. Silvesta aliuza mengi. Akashuka Masasi, akarudi na gari dogo jeusi la mtumba, limetoka nchi za theluji, kiti cha dereva ni cha ngozi, kinapasha moto makalio. Aliambiwa kinatibu mgongo. Kufika nyumbani, kiti kimekufa. Akalirudisha yadi alikolinunua. Mafundi wakavuta waya kutoka kwenye betri moja kwa moja, kiti kikafufuka: bonyeza swichi, kinawaka hata ufunguo ukiwa mfukoni. Na mlango wa dereva, walioubomoa wakitafuta waya, tangu hapo haukufunga tena. Basi kila jioni Silvesta anazima swichi, analifunika gari turubai, analala. Kila asubuhi anakuta kiti cha moto na betri imekata roho. Wiki tatu sasa. Juni, baridi ya kule juu unaijua, mtu anavaa makoti mawili na bado anagombea kukaa karibu na jiko la Bibi Agatha, muuza kahawa.

Asubuhi hiyo Bibi Agatha alikuwa amejifunga kilemba mara mbili, amekikaza. Alikuwa na sababu. Wanaume watatu walikuwa wamekaa gogoni, kila mmoja na kitumbua cha Mama Anthony, mke wa Silvesta, vitumbua vinono vimejaa kama mashavu ya mtoto. Bibi akamimina kahawa, akasikiliza.

— Mara nne nimeenda yadi, alisema Silvesta. Mara ya kwanza wakasema betri mbovu. Nikanunua nyingine, kwao hukohuko. Mara ya pili wakasema barabara ya kupanda Newala inatikisa umeme mpaka unamwagika.

— Unamwagika! alisema Bibi Agatha. Hukukinga hata kibakuli?

— Bibi, usicheke. Mara ya tatu wakasema mimi mzito. Ya nne wakaniuliza kama nyumbani kwangu kuna amani.

— Hao mafundi ni wezi na ni wajinga, alisema Bwanali. Huyu aliwahi kuwa utingo wa lori msimu mmoja, akashushwa njiani, na tangu siku hiyo anajiita Injinia. — Moto wa injini haufi, Baba Anthony. Unalala. Alfajiri ukisikia baridi unaamka, unapanda juu kutafuta hewa. Unakuta kiti. Unatulia hapo.

— Na swichi? Naizima, naikuta imebonyezwa.

— Inajibonyeza. Chuma kikipata moto kinatanuka. Hiyo ni sayansi.

— Sayansi ya utingo, alisema Twahiru, ambaye kijiwe kizima kinamwita Redio kwa sababu hazimiki. Mimi nimesikia kwa mtu aliyesikia bandarini Mtwara. Hayo magari yote ni ya marehemu. Mzee wa kizungu anafia kwenye kiti, wanawe wanasema gari hili la nini, peleka Afrika. Mwenyewe haji kujua kwamba limeuzwa. Alfajiri anaamka kama kawaida yake, anaingia garini, anawasha kiti, anangoja theluji iyeyuke aende kazini.

— Kutoka kwao mpaka Newala, kila siku? aliuliza Bibi Agatha. Nauli anatoa nani?

— Mzimu haulipi nauli, Bibi.

— Basi ashuke na chumvi mara mojamoja, imepanda bei.

Bwanali hakucheka. Alilamba mafuta kwenye vidole, akachukua kitumbua kingine.

— Mzimu wa mzungu hauwezi kupanda huku, unaogopa vumbi, alisema. Tuseme kweli. Anayewasha kile kiti ni mtu wa hapahapa. Mtu ambaye baridi inamtesa mifupa. Mtu mzima. Anayefika hapa kabla ya wote, kungali giza.

Macho ya wanaume yakaanza kutembea, yakapita kwenye jiko, yakapita kwenye birika, yakaishia kwenye kilemba.

— Niangalieni vizuri, alisema Bibi Agatha. Nikitaka joto mkaa si huu hapa?

— Mkaa hauna ngozi laini, alisema Redio.

— Na mimi nikikaa kwenye ngozi laini nani atakuchemshia hiyo kahawa unayoikopa, Twahiru?

Silvesta akakohoa. Akatazama chini, maana huyu alikuwa kama mama yake tangu utotoni.

— Bibi, usinielewe vibaya. Nimetuma mtu Chilangala. Mtaalamu wa kunyoa wachawi anafika leo adhuhuri. Atawanyoa wote wanaoamka mapema mtaa huu. Kama huna kitu, nywele zitaota.

Hapo ndipo kilemba kilipokuwa na maana: fununu zilikuwa zimeshamfikia. Kunyolewa si jambo la wembe tu. Unakalishwa kwenye kigoda mbele ya watoto, unapakwa dawa utosini, na kuanzia siku hiyo hakuna anayenywa kilichotoka mkononi mwako. Bibi Agatha alikuwa mjane, na birika lile ndilo lililokuwa mume, shamba na pensheni.

— Mwanangu, alisema, umeshindwa na fundi wa Masasi, sasa hasira unazileta kichwani kwangu?

Kabla Silvesta hajajibu, lori la asubuhi likasimama kwenye mashine, akaruka mtu na mfuko wa spana.

— Shikamoo, Bibi. Habari za hapa, wazee.

— Marahaba, mwanangu.

— Huyo! alisema Silvesta. Dickson, fundi wa yadi. Umekuja kuniambia nini leo? Kwamba jina langu halipatani na umeme?

— Tajiri amenituma nimalize, mzee, umetutukana sana kwenye simu ya posta. Lakini kabla sijafungua chochote nina swali moja. Mara ya mwisho nilipokitoa kile kiti, swichi ilikuwa imeziba. Nikaikwangua na kisu. Ulikuwa mchele uliosagwa, umekauka, unanukia hamira na iliki. Nani nyumbani kwako anakula ndani ya gari?

Injinia alitazama angani. Redio, ambaye hazimiki, alizimika. Bibi Agatha peke yake ndiye aliyetazama kitumbua kilichobaki kwenye sahani, akakiinua, akakibinya kikajaa tena. Juni hii. Baridi hii, ambayo inaulaza unga wa mpika vitumbua yeyote wa Newala kama maiti mpaka saa sita, na Mama Anthony amekuwa akitoa sinia mbili asubuhi moja, kwa wiki tatu.

Ndipo turubai la gari, hatua kumi kutoka gogoni, likatikisika.

Likavimba upande wa uani, likasogea, kitu ndani kikagonga bati, du. Injinia alikuwa ameshapanda juu ya gogo, sayansi yote imemtoka. Redio akaanza kusoma dua akachanganya na ya kula. Silvesta alisimama na spana ya Dickson, lakini hakupiga hata hatua moja.

— Mzungu huyo! alinong'ona Redio. Ameamka!

— Nnungu wangu, wanaume wa mtaa huu, alisema Bibi Agatha.

Akaweka birika chini, akakaza upande wa kanga, akazitembea zile hatua kumi peke yake. Wapita njia wakasimama, wenye madebe ya mahindi pale kwenye mashine wakasogea. Akashika pembe ya turubai kwa mikono miwili, akalivuta lote kwa mkupuo.

Mlango wa dereva ulikuwa wazi. Winfrida, mke wa ndoa wa Silvesta, Mama Anthony mwenyewe, alikuwa amepiga magoti kwenye udongo, mikono myeupe kwa unga mpaka kwenye viwiko. Juu ya kiti cha ngozi ilikaa ndoo, imevishwa koti la Silvesta na kufungwa mkanda wa gari kama abiria wa heshima. Unga ulikuwa umeumuka hadi kuinua mfuniko, unashuka polepole kuelekea kwenye swichi, na swichi inawaka taa nyekundu.

Alimtazama mumewe, akamtazama fundi, akatazama watu wote wale.

— Sasa mbona mmefunua? alisema. Rudisheni turubai, baridi inaingia.

Bibi Agatha alifungua kilemba, akakikung'uta vumbi, akaanza kujikuna kichwa taratibu, unywele mmoja mmoja, mbele ya wote.