Gari la Baba Mkwe Linakunywa Oili

Kijiwe chetu kiko kwenye mteremko mkali, na hilo mlijue mapema, maana sisi tulichelewa kulijua. Benchi ni kiti cha nyuma cha basi lililokufa zamani, upande wa chini tumeuinua kwa matofali mawili. Birika la kahawa nalo tumeliwekea kigae lisitumwagikie mapajani. Tupo watatu. Breki ni dereva mstaafu wa lori, na jina hilo alilipata siku alipozikosa. Profesa ni fundi viatu anayesoma kila gazeti analofungia viatu vya watu. Mimi naitwa Fundi, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Natengeneza cherehani. Lakini miaka kumi na minane iliyopita, nilipokwenda kuposa, baba mkwe aliniuliza ni fundi wa nini. Nikalitazama gari lake linavyong'aa uani, ulimi ukateleza: "Wa injini, mzee." Sasa mzee kalazwa wiki tatu, gari kaniachia mimi "mtaalamu", na kesho asubuhi anaruhusiwa kutoka hospitali. Kasema atarudi nyumbani na gari lake lile lile lililomtoa mke wangu wodini siku alipozaliwa, au abaki na wauguzi. Na gari lenyewe, limesimama mbele yetu pua ikitazama mlimani, likiwashwa linatoa moshi wa bluu na taa nyekundu ya oili haizimiki.

— Linakunywa hili, nikasema, nikichomoa kijiti cha kupimia oili kwa mara ya nne tangu asubuhi. Oneni. Kimelowa nchani tu.

— Hata jana kililowa nchani tu, akasema Profesa.

— Pampu ya oili hiyo, akasema Breki. Imezeeka. Lori langu lilinifanyia hivyo hivyo, nina shehena ya saruji mgongoni.

— Ukafanyaje?

— Nikaliacha pale pale. Mpaka leo lipo.

— Breki, mimi nataka ushauri wa kuliondoa gari hapa, wewe unanipa wa kulizika!

Profesa akakohoa, dalili kwamba gazeti linakuja.

— Nilisoma mahali kwamba oili ikikaa sana kwenye injini moja inachoka. Inataka kuhama. Ndiyo maana inadondoka chini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Methali hiyo imeingiaje hapo?

— Kwani oili haiko mvunguni?

— Na gazeti lilikuwa la lini?

— Tarehe ilikuwa upande wa kisigino, ikafutika.

Nikakitazama tena kijiti. Kulikuwa na vipovu vidogo vyeupe.

— Na hili povu je?

— Povu ni hasira, akasema Breki, akijimiminia kahawa. Gari limemkumbuka mwenyewe. Miaka yote hiyo limeshikwa na mkono mmoja, leo linashikwa na mkono wa kigeni, kwa nini lisigome? Na mwenye majonzi hunywa. Nani hapa halijui hilo?

— Kwa hiyo baba mkwe wangu ana gari levi?

— Levi lenye sababu. Mvumilivu hula mbivu.

— Basi lipelekwe hospitali likamwone, akasema Profesa. Litulie roho.

— Likalazwe wodi gani?

— Hilo wataamua wao. Sisi si madaktari.

Jina langu ni Fundi, na Fundi hawezi kunyamaza. Nikaeleza kwamba oili, ikipata joto, hupanda juu ya injini, ikafika kule kwenye kifuniko ikaogopa kushuka, na hata kwenye cherehani jambo hilo hutokea. Halijawahi kutokea. Nilijisikia aibu, ila si ya kutosha kunifunga mdomo.

— Basi tuongeze kidogo, nikamalizia.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Breki.

Hiyo ndiyo methali pekee iliyokaa mahali pake wiki nzima, na hakuna aliyeisikia.

Nikiwa nimeshika kopo la oili, mama mkwe akatokea, anapanda mteremko polepole na mto kwapani. Wote watatu tukasimama.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Nimeleta mto wa safari ya kesho. Mgongo wake bado unamsumbua.

Akauweka kwenye kiti cha mbele. Akaangalia benchi na matofali yake, akaangalia kahawa yetu.

— Hilo birika, mbona mmeliwekea kigae?

— Lisimwagike, mama, nikamjibu. Kwenye mteremko huu kahawa yote inakimbilia upande mmoja.

— Ahaa. Na gari mmeliwekea nini?

Breki alikuwa ameinua kikombe, kikabaki hapo hapo hewani. Kijiti cha kupimia kiko mbele ya injini. Pua iko mlimani. Oili yote ilikuwa imekimbilia nyuma, na sisi tukaendelea kuuliza imekwenda wapi.

— Mmeongeza kiasi gani? akauliza.

— Mimi lita moja tu, mama. Na nusu. Na nyingine nusu leo.

— Mimi kikombe kila asubuhi, akasema Breki. Sikutaka kukuaibisha, Fundi.

— Mimi jioni, nikishafunga, akasema Profesa akiangalia chini. Kwa nia hiyo hiyo.

Tukaliteremsha kinyumenyume hadi uwanja tambarare wa mbele ya ghala, Breki akiwa kwenye usukani, jambo ambalo kwa jina lake lilinipa hofu. Mama mkwe akatungojesha injini ipoe na oili itulie, akaniambia nifute kijiti, nikichovye tena. Oili ilikuwa imeipita alama ya juu, imepanda mpaka katikati ya kijiti. Injini ilikuwa inaichapa oili kama mtu anayepiga mayai, na pampu inavuta povu. Gari halikuwa na kiu hata kidogo. Tulikuwa tunalizamisha.

Nikalegeza boliti ya chini. Beseni likajaa, ndoo ikafuata. Oili ilipokaa kati ya alama mbili, nikawasha. Taa nyekundu ikazima. Moshi ukatoka kidogo kidogo, kisha ukakata. Nilifurahi hadi nikataka kumkumbatia mtu, lakini aliyekuwa karibu ni mama mkwe.

— Umejuaje, mama?

— Miaka arobaini nimemshikia mzee tochi akipima. Tambarare, injini imepoa. Ndiye aliyenituma. Kasema, "Nenda kaangalie, kijana asije akalijaza."

— Alijua kwamba mimi...?

— Mwanangu, wiki ile ile uliyokuja kuposa tuliileta cherehani yangu dukani kwako, kwa mkono wa jirani. Uliitengeneza vizuri sana. Mpaka leo inashona.

Miaka kumi na minane, kila sikukuu, mzee huyo alinifungulia boneti akaniuliza maoni yangu, na mimi nikatikisa kichwa kitaalamu.

— Na hakusema kitu?

— Alisema utasema mwenyewe siku utakapokuwa tayari. Kesho mtakuwa wawili tu garini. Utamwambia, au utabaki fundi wa injini?

Breki akaanza kukagua tairi. Profesa akaokota kipande cha gazeti, akajifanya anasoma. Tuliporudi benchini, nikashika birika nimmiminie mama mkwe kikombe, angalau mikono ipate kazi. Nikaliinamisha. Nikaliinamisha zaidi. Likatoa tone moja, na yeye bado alikuwa anangoja jibu langu.