Makaa ya Mama Mkwe

Tulikuwa wanne ndani ya gari la Probox la kwenda Mghange, na kwenye buti kulikuwa na gunia la makaa ya kutengenezwa. Mwenyewe, mama wa kitambaa cha kanisa kichwani, alikuwa akiyasifu tangu Mwatate: hayatoi moshi, na kimanga cha muhogo na maharagwe kinaiva bila kuungua. "Nampelekea mama mkwe. Macho yake hayawezi tena kuni."

"Hayo natengeneza mimi," akasema jamaa wa gambuti aliyekaa naye. "Tunachanganya vumbi la makaa na mzigo wa yale malori ya kunyonya vyoo."

Hata dereva alipunguza mwendo.

"Vyoo vya nani?" mama akauliza.

"Vya Voi. Tunakausha, tunachoma mpaka hakuna mdudu anabaki. Mama unakaa wapi?"

"Sofia, hapo hapo Voi."

"Basi hata chako kimo."

"Yesu wangu! Nimempikia mchungaji!"

"Alikula?"

"Aliongeza mara mbili!"

Niligeukia dirisha nisicheke, kisha nikakumbuka gunia kama hilo mlangoni pa hoteli nilikokunywa chai. Kicheko kikaisha.

"Kwani si afadhali hivyo kuliko kukata miti?" jamaa akauliza.

"Miti haitoki tumboni mwangu!"

Tulipofika Mghange, bibi kizee alikuwa akingoja kando ya barabara. Alifungua gunia, akanusa, akatabasamu. Mkwe wake alirudi nyuma hatua moja.

"Umefika wakati mzuri, mwanangu," bibi akasema. "Nimevuna muhogo. Leo tunauchoma humu humu ndani ya makaa."