Alhamisi za Mama Anisia

Tarehe 30 Juni 2013 Mama Anisia, mwalimu wa darasa la ubatizo, anastaafu baada ya kulitumikia kanisa letu miaka thelathini na miwili: ishirini na miwili hapa Gitega na kumi Muyinga. Katibu wa baraza ameombwa aandike ukurasa mmoja wa furaha. Atajitahidi.

Hapa Gitega wengi wetu tulipita mikononi mwake. Hakushika kiboko, silaha yake ilikuwa kikohozi. Akikohoa mara moja, msinziaji aliamka. Akikohoa mara mbili, msinziaji alisimama na kutaja amri kumi kuanzia ya mwisho. Sisi wafanyabiashara tuliotoka Kivu tulimwona mkali kuliko watu wa douane, wale wa ushuru wa mpakani Kobero. Harusi tatu ziliahirishwa kwa sababu bwana harusi alishindwa kueleza maana ya toba, na moja ilikuwa ya katibu mwenyewe.

Amani iliporudi nchini, mwaka 2003, alitumwa Muyinga kuwapokea waumini waliokuwa wakirejea kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania. Aliwafuata kwa baiskeli mpaka vijia vya Giteranyi, na alianguka mara nyingi kuliko anavyokubali.

Kwa desturi yetu, mshirika anayehama huja na barua ya kanisa alikotoka. Bila barua halali hakaribii Meza ya Bwana. Warejeaji walikuwa nazo. Ila muhuri wa barua hizo ulichongwa kwenye soli ya kandambili, maana kambini hawakuwa na mwingine. Mama Anisia alizileta Gitega barua hizo, sitini na moja, zimefungwa kwenye kitenge. Baraza lilizipitisha mkono kwa mkono likicheka, na katibu naye alicheka. Wenyewe walikuwa Muyinga, na asiyekuwepo na lake halipo. Tuliamua wote wasome upya mwaka mzima, wakikaa benchi la nyuma.

Mmoja wao alikuwa Mzee Longino, shemasi, ambaye kambini alizika watu na kufariji wajane kwa miaka tisa. Alikaa darasani na watoto, akajifunza yale aliyokuwa akiyafundisha. Mwezi wa nane wa masomo alikufa kwa malaria, hajashiriki Meza ya Bwana hata mara moja. Mama Anisia alimzika, akapanda gari mpaka Gitega, akaweka ufunguo wa darasa juu ya meza ya katibu.

"Na Mungu sina matata," alisema. "Ni nyinyi mumenichokesha."

Katibu aliutia ufunguo kwenye droo. Mama Anisia alirudi Muyinga akajifungia ndani. Baadaye alikiri kwamba wiki zile hata kusali kulimshinda. Akifumba macho alimwona Longino amebanwa kwenye dawati la mtoto. Sisi huku tulisema imani yake imepoa, tukapanga kumtafutia mrithi.

Lakini kila Alhamisi, siku ya darasa, mjane wa Longino, Mama Spesiyoza, alishuka kutoka kilimani kwake, akaketi mbele ya mlango wa darasa uliofungwa mpaka saa ya somo ikapita, kisha akaenda zake shambani. Alifanya hivyo Alhamisi nne. Ya tano Mama Anisia alitoka kwenda kumwambia arudi nyumbani, kwamba darasa limekufa.

"Muzee alibakiza myezi ine," mjane alimjibu. "Niko nakuya kumumalizia."

Ufunguo ulikuwa Gitega, kwa hiyo Mama Anisia alivunja kufuli kwa jiwe, akafundisha mwanafunzi mmoja. Anasema hakurudi kwa nguvu ya imani, alirudi kwa kuona haya, na imani ilimkuta kazini. Tangu siku hiyo hakushiriki Meza ya Bwana mpaka mwanafunzi wake wa mwisho aliporuhusiwa. Kati ya wale sitini na mmoja walifika Mezani kumi na tisa. Waliobaki tuliwafukuza sisi kwa sheria yetu, na inauma kuliandika hili.

Sheria ile ilikufa kimya kimya mwaka 2009. Hakuna aliyeomba radhi.

Mwezi uliopita baraza lilimwuliza anataka zawadi gani. Aliomba jina la Longino liandikwe kwenye daftari la washirika. Baraza lilijibu kwamba marehemu hapokelewi, likamnunulia saa ya ukutani. Ni saa nzuri.

Mama Anisia, asante. Tulikupa kila sababu ya kutuacha, ukabaki kwa ajili ya watu tuliowadharau. Uendako Buhinyuza, mvua zije kwa wakati wake, maharage yazae, magoti yasiume, na asubuhi zako ziwe za kulala mpaka utakapochoka kulala.

Na jambo moja la mwisho. Jumanne iliyopita katibu alifungua daftari la washirika akaandika kwa wino: Longino, shemasi, amepokelewa kwa barua. Hakuomba ruhusa. Waheshimiwa wajumbe wa baraza wanapata habari hii leo, hapa, pamoja nanyi nyote. Daftari liko ofisini, na mwandiko ni wangu.

Zihalirwa, katibu wa baraza