Mama Pazia na Risasi za Ubao

"Risasi tumezisikia za kutosha! Wewe unatuletea nyingine, tena mchana kweupe?"

Huyo ni fundi seremala, akifoka juu ya ukuta. Upande wa pili Mama Pazia, ubao mkononi, hakuinua hata sauti. "Za kwangu haziui, jirani. Zile zinazoua mbona huzifokei?"

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mama Pazia. Mshonaji wa mapazia kwa kazi, mwalimu wa maigizo kwa ukaidi. Alifariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sitini na mitatu.

Vijana wake kumi na wanne walifanya mazoezi sebuleni kwake, vyerehani vikiwa vimesukumwa pembeni. Walikuwa wanaigiza riwaya ya mtoto anayekulia kwenye mtaa wa bunduki. Mtaa kama wetu. Mlio wa risasi ulikuwa ubao, unabamizwa sakafuni. Pa!

Hapo ndipo penye kazi. Riwaya inasema watoto wanabaki wima. Lakini ubao ukilia, waigizaji wote chini! Kifudifudi, mikono kichwani. Mwalimu hakuwafundisha hivyo, mtaa ulishamtangulia.

Binti yake anasimulia: "Mama alicheka mpaka machozi. Kicheko kikaisha, machozi yakabaki. Akasema, 'Haya, tena.'"

Wiki tatu, wasikilizaji. Wiki tatu nzima: pa, chini, pa, chini.

Siku moja karatasi ikapenyezwa mlangoni: acheni hilo igizo, la sivyo mtajuta. Mama Pazia akaisoma kwa sauti, akasahihisha herufi kwa chaki ya kukatia nguo, akaibandika nje watu wote waione.

Kesho yake akaja seremala. Safari hii hakufoka. "Mwanangu alibaki amesimama, mama. Ndiyo maana hayupo. Na wewe unawafundisha kusimama?"

Binti anasema mama yake aliuweka ubao chini. Kisha: "Barabarani walale, jirani, nami nitalala nao. Ila ndani ya nyumba yangu, wajue urefu wao."

Jumamosi ya onyesho, alasiri, uani kwake hapakuwa na pa kutema mate. Ubao ukalia, pa! Watazamaji wote chini, viti miguu juu. Na jukwaani? Kumi na wanne, wima. Msichana mdogo kuliko wote akawatazama, akasema, "Inukeni, mama zangu. Tunaendelea."

Wakainuka. Igizo likaendelea mpaka mwisho.

Kwa binti yake, wajukuu na vijana wake kumi na wanne: poleni sana, msiba huu ni wetu sote. Nasi tujiulize, wasikilizaji wapendwa: mtoto wako akisikia kishindo, mwili wake unajua nini?

Watu walipotawanyika jioni ile ya igizo, seremala alibaki getini, macho mekundu, haondoki wala haingii. Mama Pazia akamfuata, mwiko mkononi.

"Jirani, ugomvi wetu bado upo, tutauendeleza kesho. Ingia ule."